Ng'ombe wa Mururu na Kalamu Nyekundu

Huko Mururu tumeonyeshwa insha ya mwanafunzi iliyopunguziwa alama kwa sababu ya tahajia: kila penye ng'ombe, karatasi ilisomeka «ngâ€™ombe». Msahihishaji, kwa maoni yetu, hakutenda haki. Faili ya kompyuta haina herufi ndani yake, ina namba tu. Ritifaa iliyopinda, ikihifadhiwa kwa UTF-8, ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu ikizisoma kwa Windows-1252, kila baiti hugeuka alama yake, ndipo huzuka «â€™». Mwanafunzi hakuyaandika hayo. Mhakiki wa miswada ya kale hulinganisha nakala kabla ya kumlaumu mtunzi. Mbele ya kioo cha kompyuta tunasahau (hata sisi). Insha ifunguliwe upya kwa UTF-8, isahihishwe tena.