Jaketi la Mikono Mifupi

Fundi cherehani ampimapo mteja humwambia asimame wima, mikono ikiwa ubavuni, kisha huupitisha utepe wake begani, kifuani na kiunoni, na vipimo avipatavyo huwa ni vya mtu aliyesimama. Kwa kanzu, kwa koti la arusi na kwa joho, desturi hiyo haina dosari. Lakini mwendesha baiskeli hasimami, wala haketi kama waketivyo watu vitini, huinama mbele akaushika usukani, mgongo ukarefuka, tumbo likakunjamana, mikono ikanyooka mbele ya mabega, na nguo iliyomkaa vema mbele ya kioo ikaanza kumuudhi kabla hajafika maili moja. Mgongoni hupanda ikauacha wazi ukanda wa kiuno. Tumboni hufanya mafundo. Mikononi hurudi nyuma, upepo ukapata njia ya kuingilia katika vifundo. Yasiyo na uzito Tanga au Mombasa huwa mambo ya afya na maisha katika milima ya Italia wakati wa theluji, na huko ndiko lilikozaliwa jaketi ninalotaka kulichambua.

Baridi ya mwendesha baiskeli ina tabia yake, kwani upepo mwingi umpigao ameuzua mwenyewe kwa mwendo wake. Hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwa mtu aendaye kilomita 30 kwa saa, huhisiwa na ngozi kama hewa ya nyuzi sifuri. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo huungua ndani ya nguo zake, kwa kuwa katika nguvu zote ambazo mwili unazitumia takriban robo tu ndiyo ifikayo kwenye pedali, na sehemu iliyobaki hugeuka joto ambalo sharti litoke. Apandapo mlima hutokwa jasho hata theluji ikimwangukia. Akishavuka kilele, miguu ikapumzika na kasi ikaongezeka, jasho lile lile humgeuka, kwa sababu maji huupokonya mwili joto kwa wepesi unaoizidi hewa zaidi ya mara 20. Kwa hiyo nguo yake imepewa kazi mbili zinazogombana, kuuzuia upepo usiingie na kuuruhusu mvuke utoke, na koti zito lililoshonwa kwa ajili ya mtu anayengoja gari kituoni huiweza ile ya kwanza tu.

Tarehe 5 Juni 1988 ugomvi huo ulionekana hadharani. Mashindano ya Giro d'Italia yalipita siku hiyo katika mlima wa Gavia, ambao njia yake hufika juu ya meta 2,600, na theluji ikawakuta waendeshaji njiani. Johan van der Velde wa Uholanzi alikivuka kilele wa kwanza, mikono yake ikiwa wazi. Katika kuteremka baridi ilimshinda, ikambidi atafute hifadhi, na alipofika Bormio, mwisho wa safari ya siku ile, alikuwa amepitwa kwa zaidi ya dakika 40. Andy Hampsten, Mmarekani, alikuwa na watu wenye akili ya matayarisho: viongozi wa timu yake walinunua nguo za baridi asubuhi ile ile, wakaweka mfuko karibu na kilele, naye mikononi alikuwa na glavu nene za wazamiaji wa bahari. Alifika wa pili, sekunde 7 nyuma ya Erik Breukink, akaitwaa fulana ya waridi ya kiongozi wa mashindano, na hakuivua hadi mwisho wa mashindano. Wengi husimulia habari hii kama sifa ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Mimi naiona zaidi kuwa habari ya koti na saa ya kulivaa. Koti lililomo mfukoni humngoja mtu mpaka vidole vimekufa ganzi, na zipu ikakataa kutii. Na kwa nini halivaliwi mapema? Kwa sababu koti la mvua la zama zile lilikuwa pana na gumu, likijaa upepo kama tanga na kumpika mtu apandapo mlima, hata kila mwenye tamaa ya ushindi akaliahirisha.

Jawabu lilitokana na ombi la mtu mmoja aliyeijua kero hiyo kwa ngozi yake. Gabriel Rasch wa Norwei, ambaye wenzake walimwita Gabba, alikuwa akiendesha katika timu ya Cervélo TestTeam, na aliiomba kampuni ya Castelli ya Italia jaketi la mvua lenye mikono mifupi. Kwa asikiaye mara ya kwanza ombi hilo lina kichekesho, maana mwenye kuogopa mvua huongeza kitambaa, hapunguzi. Lakini Rasch hakutaka koti la kuongezwa juu ya nguo. Alitaka nguo yenyewe iwe koti, aivae tangu mwanzo wa mashindano hadi mwisho, na mikono aifunike kwa vifuniko vya kuvaa na kuvua baridi ipungukapo au izidipo.

Mafundi wa Castelli walitumia kitambaa cha Windstopper, chenye utando mwembamba uliokazwa kati ya matabaka. Utando huo una nasaba ya kuchekesha: asili yake ni dutu ile ile ipakwayo kwenye vikaango ili chakula kisigande, ambayo Bob Gore aligundua mwaka 1969 kwamba ikipashwa moto na kuvutwa kwa ghafula hurefuka mno na kujaa vinyweleo, ambamo mvuke hupita na upepo hukwama. Hata hivyo kitambaa peke yake hakingefaa kitu bighairi ya mkato. Jaketi lilikatwa kwa umbo la mtu aliyeinama: mbele fupi, nyuma refu lenye mkia ufunikao makalio yasirushiwe maji na gurudumu, ukosi wa juu, na mwili mzima umebanwa kama fulana ya mashindano, bila pengo la hewa wala ukingo wa kupepea. Kubana huko ndiko nionako kiini cha ustadi wake, maana utando hutoa jasho vizuri zaidi ukiwa karibu na ngozi yenye joto. Ukiwa mbali, mvuke hupoa katikati na kugeuka maji tena.

Ushahidi ulikuja tarehe 17 Machi 2013, katika mashindano ya Milano hadi San Remo. Theluji iliufunga mlima wa Turchino, waendeshaji wakapakiwa katika mabasi huko Ovada na kushushwa Cogoleto, ndipo wakaendelea hadi Gerald Ciolek, wa timu ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini, akashinda. Katika msafara ule walionekana waendeshaji wa timu zilizofungwa kwa mikataba na washonaji wengine kabisa, nao wamevaa jaketi la Rasch, nembo yake wameifuta kwa wino mweusi.

Lina aibu zake. Mvua ya saa nyingi hulipenya, hasa penye mishono. Tena kifua kipana au tumbo la mwenye umri wangu hulifanya liwe adhabu. Lakini kipimo chake kinamfaa hata mwendeshaji wa Njombe au Limuru achaguaye koti katika rundo la mitumba wakati wa Juni na Julai. Usilijaribu umesimama. Egemeza baiskeli ukutani, panda, shika usukani, kisha umwombe mwenzio akutazame mgongoni: akiona ngozi, lirudishe rundoni.