Hema la kinga likipoteza presha, anza wapi?

Ukilitazama kwa mbali, hema la kinga la kijeshi ni turubai tu lenye trela pembeni. Kinachokinga ni hewa. Hema la M51 la jeshi la Marekani, lililobuniwa zama za Vita Baridi, lina mbavu zinazojazwa upepo badala ya nguzo, na feni inayosukuma ndani hewa iliyokwisha kuchujwa. Presha ya ndani ikiizidi ya nje, hata kidogo, kila tundu la sindano hutoa hewa badala ya kuingiza sumu. Askari waliopigwa gesi Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Vita vikiendelea, wenzao walining'iniza blanketi zilizoloweshwa dawa kwenye milango ya mahandaki.

Fikra ya chumba cha kinga kinachohamishika imefika pia hospitalini. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018, shirika la ALIMA lilitumia mjini Beni vyumba viitwavyo CUBE, vyenye kuta angavu na mikono ya glavu iliyofungwa ukutani, muuguzi akamhudumia mgonjwa akiwa nje. Picha za kuta zile zilienea. Za mtu wa zamu ya jenereta sijaziona.

Naye ndiye ninayemwandikia, nikichukulia kwamba hema lake limesimikwa Ipinda, kwenye tambarare ya mpunga ya wilaya ya Kyela, Tanzania.

Presha ya hema ni ndogo mno kuhisiwa na mwili. Hupimwa kwa milimita za maji. Mrija angavu uliopindwa kama herufi U, ukatiwa maji ya rangi, ncha moja ndani ya hema na nyingine nje, unatosha kuionyesha: vimo viwili vya maji vikipishana kwa milimita 10, hiyo ni takribani paskali 98. Mwendeshaji anahitaji kipimo hicho na kingine cha pili, kinachoonyesha tofauti ya presha kati ya upande mmoja wa kichujio na mwingine. Akiwa na kimoja tu atabahatisha.

Presha ya hema ikishuka, mlango uangaliwe kwanza. Mahema haya huwa na chumba cha kati chenye milango miwili, na haifunguliwi yote kwa pamoja; mtu mmoja mwenye haraka huangusha presha zaidi kuliko matundu ishirini. Milango ikiwa sawa, soma vipimo. Presha ya hema imeshuka na ya kichujio imepanda sana: kichujio kimeziba. Zote mbili zimeshuka: feni haisukumi hewa ya kutosha, kwa kuwa mkanda unateleza, umeme wa jenereta ni hafifu, au mdomo wa kuvutia hewa umezibwa na majani. Ya hema imeshuka peke yake, ya kichujio imebaki palepale au imepanda kidogo: hewa inavuja.

Kosa moja huwazungusha hata mafundi wazoefu. Jenereta ya fezi tatu ikifunguliwa na kuunganishwa upya, nyaya mbili zikibadilishana nafasi, feni huzunguka kinyume. Kelele ipo, upepo upo, kwa sababu feni nyingi za aina hii huendelea kusukuma upande uleule, ila kwa nguvu ndogo. Fundi hubadilisha kichujio kizima bure. Mshale uliochorwa kwenye gamba la feni ungemwambia kila kitu.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni: paka kwenye mishono na valvu, mapovu yakifura weka alama ya chaki. Kiraka kikatwe pembe za duara, maana pembe kali hubanduka, na kigandishwe juu ya kitambaa kikavu.

Hapo kwenye ukavu ndipo Ipinda inapokuwa ngumu. Mvua za Kyela hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Machi hadi Mei ardhi ya tambarare hii hugeuka tope. Vigingi vya hema hung'oka. Mifuko ya mchanga inafaa zaidi, pamoja na mtaro wa maji na mbao za kuinua sakafu. Mkaa wa kufyonza gesi ulio ndani ya kichujio hufyonza pia unyevu na kupoteza uwezo wake, kwa hiyo feni ikizimwa vifuniko virudishwe siku hiyohiyo. Hema likikunjwa bichi huota ukungu. Mbavu zilizojazwa upepo asubuhi ya baridi hukakamaa kwa jua la mchana; valvu ya kupunguzia presha isipofanya kazi, mshono hupasuka. Na penye mpunga pana panya, ambao mipira ya hewa hawaiachi.

Haya yote ni kazi ya mwendeshaji mwenye daftari la kuandika vipimo asubuhi na jioni. Fundi wa mbali hufika akikuta tatizo limekwisha kuwa kubwa.

Halmashauri itakayopokea hema la namna hii iulize kwanza vichujio vya akiba viko wapi na mafuta ya jenereta yatatoka fungu gani. Picha za makabidhiano zipigwe baada ya majibu.