Kila Mtu, Kila Raia: Kusoma Umbo la Sura ya Nne

Barabara mbili za Kilimani zina majina ya mawakili. Dennis Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano katika kesi ya Kapenguria, 1952 hadi 1953. Argwings Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, aliwasimamia mahakamani washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kazi hiyo ilimletea mtu uhasama wa serikali nzima. Si mbali na barabara hizo, katika jumba la CVS kwenye Barabara ya Kasuku, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu imekuwa na ofisi kwa miaka mingi. Kama kuna mtaa wa Nairobi ambao wakazi wake wanapaswa kuijua Sura ya Nne ya Katiba kwa moyo, ni huu.

Sura hiyo inaanzia Kifungu cha 19 na kuishia cha 59. Hutajwa sana, husomwa kidogo. Nataka kuisoma hapa kama tunavyosoma hadithi au shairi: sentensi imejengwaje, nani katangulizwa, kitenzi kipi kimetumika, na neno “isipokuwa” limekaa wapi.

Vitabu vya shule hugawa haki za binadamu katika vizazi vitatu, mgawanyo ulioenezwa na mwanasheria Karel Vasak miaka ya 1970. Kwanza za kiraia na kisiasa, kisha za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, halafu za umma kwa jumla, kama vile mazingira safi. Mwanafunzi hukariri, mtihani hupita. Katiba ya 2010 haikufuata mpangilio huo. Sehemu yake ya Pili, Vifungu vya 26 hadi 51, inaanza na uhai na kumalizia na mtu aliye kizuizini, na katikati yake vizazi vimechanganyika bila kichwa kinachovitenganisha.

Tazama mfululizo mmoja tu. Kifungu cha 40 kinalinda mali. Cha 41 kinalinda uhusiano wa kazi: ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, chama cha wafanyakazi, mgomo. Cha 42 ni mazingira safi. Cha 43 ni afya, makao, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu. Sasa simama kando ya kiwanja chochote cha Kilimani ambapo nyumba ya zamani yenye bustani imebomolewa na jengo la orofa nyingi linapanda. Mwenye kiwanja ana cha 40. Mtu wa mjengo aliyebeba mfuko wa saruji ana cha 41. Jirani anayefunga madirisha kwa sababu ya vumbi ana cha 42. Na wote watatu, boza la maji linapopita langoni, wanakumbushwa cha 43. Waandishi wa Katiba waliziweka haki hizi bega kwa bega, na wala hawakusema ipi imshinde mwenzake. Huo ni uamuzi wa umbo, na mimi naona ni uamuzi bora, kwa kuwa ndivyo haki zinavyokutana mtaani: zikigombania kiwanja kimoja.

Uainishaji wenyewe, kwa maoni yangu, uko katika kiima cha sentensi. Vifungu vingi vinaanza na “kila mtu”. Uhai, uhuru wa kujieleza, mali, maji, mazingira: hivi vyote ni vya kila mtu, awe Mkenya, mkimbizi kutoka Kongo, au mpangaji Mhabeshi. Halafu, mahali pachache, kiima kinabadilika na kuwa “kila raia”. Kifungu cha 38, haki za kisiasa, ni cha raia, na hilo halishangazi. Cha 39 kinampa raia haki ya kuingia nchini, kubaki na kuishi popote. Lakini cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, nacho ni cha raia.

Hapo ndipo msomaji wa Kilimani anapaswa kukunja uso. Mpangaji asiye raia anavuta vumbi lile lile, na Kifungu cha 42 kinamtambua. Akitaka kuomba kaunti nakala ya idhini ya ujenzi chini ya Kifungu cha 35, sentensi inamwacha nje. Amepewa haki, akanyimwa karatasi ya kuithibitisha. Sidhani kulikuwa na nia mbaya, lakini huu ni udhaifu wa kweli ndani ya sura iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, na neno moja ndilo limeuleta.

Ubora wa sura hii unaonekana wazi ukiilinganisha na ile iliyoitangulia. Katika Katiba ya zamani haki zilikuwa vifungu vya 70 hadi 86, na “isipokuwa” lilikuwa mpangaji ndani ya kila nyumba. Kifungu cha 71 kilitamka haki ya uhai, kisha papo hapo kikaorodhesha hali ambazo kuua hakungehesabiwa kuwa kosa: kulinda mali, kumkamata mtu, kuzima ghasia. Ulikuwa ukianza kusoma haki, ukimaliza umesoma ruhusa ya dola. Mwaka 2010 wapangaji hao wengi walihamishwa na kupelekwa mahali pamoja, Kifungu cha 24. Humo kila anayetaka kuwekea haki mipaka lazima apitie maswali yale yale: kusudi lake lina uzito gani, na je, hakuna njia nyepesi zaidi? Na anayepaswa kujibu ni Serikali. Mwananchi hatakiwi kueleza kwa nini anastahili haki yake.

Hata hivyo wapangaji wachache walibaki. Kifungu cha 26 bado kinasema mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi ila kwa kadiri inavyoruhusiwa na Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa. Na katika Kifungu cha 25, kinachotaja mambo manne yasiyoweza kuwekewa mipaka kabisa, kuna kutoteswa, kutotumikishwa utumwani, kesi ya haki, na amri ya kumfikisha mtu mahakamani. Uhai haumo. Soma orodha hiyo ukikumbuka vijana waliopigwa risasi karibu na Bunge tarehe 25 Juni 2024, na pengo hilo linauma.

Sentensi bora zaidi ya sura nzima, kwangu, ni ya Kifungu cha 49, kinachomhusu aliyekamatwa. Inaenda hatua kwa hatua kama mambo yenyewe yanavyotokea. Aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza, na aambiwe matokeo ya kutonyamaza. Awasiliane na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Asilazimishwe kukiri. Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, basi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Hata mtindo unaonyesha kwamba walioandika waliwahi kuwaona watu waliopotelea vituoni. Kuna namba, na namba haibishani. Anayekamatwa Ijumaa jioni anajua ni upenyo gani unatumiwa dhidi yake, lakini anajua pia saa ya Jumatatu ambayo baada yake kila dakika ni uvunjaji wa Katiba.

Haki za Kifungu cha 43 hazikupewa namba wala saa. Kifungu cha 21 kinaiagiza Serikali izitimize hatua kwa hatua, na neno hilo limekuwa kichaka cha kujifichia. Afueni inatoka katika Kifungu cha 20: Serikali ikidai haina rasilimali, ithibitishe yenyewe. Ndani ya 43 kuna tamko dogo lisilongoja mtu: asinyimwe mtu yeyote matibabu ya dharura. Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Sentensi ilikuwa fupi, kamili, na yenye nguvu ya sheria, lakini haikuwa na saa kama ile ya 49.

Sehemu ya Tatu inaishia vibaya. Mtoto na mtu mwenye ulemavu bado ni viima: wana haki. Kufika Kifungu cha 55, kiima ni Serikali, ambayo “itachukua hatua” ili vijana wapate elimu, ajira na nafasi ya kushiriki. Kijana amesukumwa mwisho wa sentensi. Nchi yenye vijana wengi kama yetu ilistahili kifungu kinachoanza na kijana mwenyewe, kikifuatwa na kitenzi cha kumiliki.

Nimekiacha mwisho Kifungu cha 22, kwa sababu ndicho kinachotia uhai vingine. Mwaka 1989, katika kesi za Gibson Kamau Kuria na Maina Mbacha, Mahakama Kuu ilisema haiwezi kutekeleza haki za Katiba kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za utaratibu. Haki zote za nchi zilisimama kwa kukosa fomu. Mwaka huo huo Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuzuia jengo la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, aliambiwa hana haki ya kushtaki, kwani yeye binafsi hakudhurika.

Kifungu cha 22, pamoja na cha 70 kilicho nje ya Sura ya Nne, vinajibu kesi hizo neno kwa neno. Kukosekana kwa kanuni hakuzuii kesi. Mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma. Katika mambo ya mazingira, halazimiki kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara wala madhara. Na Katiba iliyobeba maneno hayo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 katika Bustani ile ile ya Uhuru, ambako lile jengo halikujengwa.

Basi, wewe unayeishi kando ya mjengo, au ambaye ndugu yako amepitisha saa 24 kituoni, anza kusoma na Kifungu cha 22 kabla ya vingine vyote. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 chini yake zinaruhusu mahakama kupokea ombi kwa barua ya kawaida au hata kwa mdomo, na Kifungu chenyewe kinataka kufungua kesi ya aina hiyo kusitozwe ada.