Paa la Fleti Makongeni: Joto Kwanza, Umeme Baadaye

Abiria anayetoka Makongeni, Thika, kwenda Nairobi hulipita jengo la maduka la Garden City kabla ya kuingia mjini. Juu ya maegesho yake kuna paneli 3,300 za sola zilizozinduliwa mwaka 2015, zenye uwezo wa jumla wa kilowati 858. Zinazalisha umeme na papo hapo zinayakinga magari na jua. Zimekuwa paa lenyewe.

Mtambo huo ulikadiriwa kutoa kilowati-saa 1,256,000 kwa mwaka. Ukigawanya, kila kilowati moja ya paneli inaleta takriban kilowati-saa 4 kwa siku. Ni mavuno mazuri, na namna paneli zilivyofungwa inasaidia.

Paneli ya kisasa hugeuza takriban asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme. Sehemu kubwa ya mwanga uliobaki huwa joto, na joto ndilo adui. Uwezo unaoandikwa kwenye paneli hupimwa ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Paneli iliyobanwa juu ya bati bila pengo la hewa ikifika nyuzi 65 adhuhuri, asilimia 16 ya umeme wake imekwenda. Pale Garden City chini ya paneli ni wazi, upepo unapita.

Somo hilo linawahusu pia wanaotengeneza vigae vya sola. Kampuni ya Kenya ya Strauss Energy ilibuni vigae vya aina hiyo na kuviezeka katika shule ya sekondari ya Gaitheri, kaunti jirani ya Murang'a. Faida yake ni kwamba mwenye jengo hanunui paa mara mbili. Hata hivyo, kigae hukaa karibu zaidi na dari kuliko paneli iliyoinuliwa kwa vyuma, hivyo fundi asipoacha njia ya hewa chini yake, atapoteza umeme na kuwapikia walio ndani.

Kuta nazo? Ulaya zinafaa, kwa sababu kule jua hukaa chini angani. Thika iko takriban nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua liko karibu utosini, na ukuta hupata mwanga wa maana asubuhi au jioni tu. Hapa mavuno yako paani.

Na paa ndilo lililo haba Makongeni. Fleti ya ghorofa kadhaa ina wapangaji wengi chini ya zege moja, ambalo tayari limebeba matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Kila mita ya mraba hupokea takriban kilowati-saa 5 za jua kwa siku. Mita 2 za mraba za paneli zitatoa kilowati-saa 2 za umeme, kabla ya hasara za nyaya na joto. Ukitumika kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 50, umeme huo hautavuka lita 60. Mita hizo hizo zikiwekewa hita ya maji ya sola inayonasa nusu ya jua, zitapasha zaidi ya lita 140.

Zipo pia paneli za pamoja za umeme na maji moto, ambazo maji hupita nyuma yake yakizipoza na kubeba joto. Ni mbinu nzuri kwa paa dogo, lakini zina mvutano: ukitaka maji ya moto sana, paneli nayo hubaki moto na umeme hupungua. Zinafaa zaidi kutoa maji ya vuguvugu, ambayo hita nyingine huyamalizia.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilielekeza kwenye kupasha maji kwa jua: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku litimize angalau asilimia 60 ya mahitaji yake ya mwaka kwa jua.

Kwa mwenye fleti anayejenga Makongeni leo, hesabu iko wazi. Aanze na hita ya maji, kwa sababu shawa ya umeme ndiyo inayomaliza tokeni za mpangaji. Nafasi itakayobaki aiwekee paneli zilizoinuliwa. Na mabomba ya maji moto ayapitishe ukutani kabla ya plasta, maana kuyapitisha baadaye ni kubomoa.