Jiwe la Manyovu linavyosomewa umri kwa jirani yake

Rangi haisaidii kitu hapa. Kwenye nyanda za juu za Kasulu, lava iliyooza hutoa udongo mwekundu. Mawe ya mchanga ya Manyovu, ambayo siku hizi yako wilaya ya Buhigwe, nayo ni mekundu. Wekundu wote huo ni kutu ya chuma. Ndiyo maana mwanajiolojia, akielekea mpaka wa Burundi au akishika njia ya Kibondo, hulipasua jiwe kwa nyundo kwanza, kisha huutazama kwa lenzi upande ambao mvua haijaugusa.

Jiwe la mchanga huonyesha punje zilizoviringika, zimeshikanishwa na madini yaliyopenya katikati yake. Lava ile ya Kasulu, iitwayo lava ya Gagwe, ni basalti na haina punje za namna hiyo. Ina fuwele ndogo zilizokamatana, kwa kuwa zilikua pamoja uji wa moto ulipokuwa ukipoa. Tabu ni kwamba lava hii imejaa madoa ya mviringo, na asiye makini huyadhani kokoto, akaandika daftarini kuwa ni mashapo. Kumbe yalikuwa mapovu ya gesi, ambayo maji yenye madini yaliyajaza baadaye. Kokoto za mtoni huwa mchanganyiko wa mawe. Povu hujazwa kuanzia ukutani kwenda ndani, na mara nyingine katikati hubaki tundu.

Madoa hayohayo huleta shida kwenye upimaji wa umri. Potasiamu-40 huoza polepole, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni-40. Nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa takriban miaka milioni 1,250. Lava ikiwa bado uji, agoni hutoroka, na ikishaganda hesabu huanza upya. Madini ya mapovu yaliingia baadaye, kwa hiyo yakichanganywa na sampuli yanapotosha jibu. Vipimo vya awali vya Gagwe vilitoa kama miaka milioni 810, kwa kosa la milioni 25 huku na huku.

Mwaka 2001 lilichapishwa jibu la njia iliyo makini zaidi: sampuli huingizwa kwanza kwenye kinu cha nyuklia, sehemu ya potasiamu yake ikageuzwa agoni-39, kisha hupashwa moto hatua kwa hatua. Gesi ya kila hatua hutoa umri wake. Hatua nyingi mfululizo zikikubaliana, jibu linaaminika. Zikipishana, huenda jiwe liliguswa na joto au maji. Gagwe ilitoa miaka milioni 795, kosa likishuka hadi milioni 7.

Kwa nini lisipimwe jiwe la mchanga lenyewe? Kwa sababu punje zake zimebebwa kutoka milima iliyotangulia. Ukizipima unapata umri wa milima hiyo, nao unaweza kulizidi jiwe lenyewe kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa upande mwingine, lava haisemi lolote kuhusu mito na mabonde ya wakati ule. Hilo ni la mashapo, na mimi naliona ndilo tamu zaidi.

Tabaka za Manyovu zimelala juu ya lava ya Gagwe, kwa hiyo ni changa kuliko miaka milioni 795. Changa kwa kiasi gani, lava haikupimii. Anayeliandikia jiwe la Manyovu miaka milioni 800 anaongeza chake.