Sukari Ikipanda, Kamera Iko Wapi?

Filamu hupenda sana sukari inayoshuka. Nimeliona hilo baada ya kutazama tena Steel Magnolias (1989) na Panic Room (2002), filamu mbili za Marekani zenye mama anayelea binti mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Katika zote mbili binti anazidiwa, na katika zote mbili sukari ndiyo imeshuka. Nimejiuliza kwa nini, maana jibu lake linatuhusu hata sisi huku.

Nianze na ile iliyo bora. Shelby (Julia Roberts) yuko saluni siku ya harusi yake. Ghafla anaanza kutetemeka. Mamake, M'Lynn (Sally Field), anamletea juisi, binti anaikataa, na mama anamshika na kumnywesha kwa nguvu. Hakuna ambulensi wala king'ora. Kinachonigusa hapo ni mama anayeijua kazi yake. Anajua ubongo ukikosa sukari mtu hugeuka mkaidi, kwa hivyo ukali wa binti hauweki moyoni. Robert Harling aliandika tamthilia iliyozaa filamu hii baada ya dadake kufariki mwaka wa 1985 kwa matatizo ya kisukari. Inaonekana wazi kwamba hakuhadithiwa.

Panic Room ya David Fincher ni kitu kingine. Meg (Jodie Foster) na bintiye Sarah (Kristen Stewart) wamejifungia kwenye chumba cha usalama, wezi wako nje, na dawa ya Sarah pia iko nje. Hapa ugonjwa ni saa tu: umewekwa ili tuhesabu dakika. Toa kisukari, weka pumu, na hadithi haibadiliki hata kidogo. Lakini nitaisifu kwa jambo moja. Meg anafaulu kuirusha dawa ndani, kisha mlango unajifunga yeye akiwa upande wa pili. Anayemdunga mtoto sindano ni mwizi (Forest Whitaker). Mzazi yeyote aliyewahi kumwacha mtoto wa aina hii shuleni anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa: uhai wa mwanao uko mikononi mwa mtu usiyemjua, na wewe uko nje ya mlango.

Sasa, kwa nini kila mara ni sukari kushuka? Kwa sababu inafaa kamera. Inakuja ghafla, inatibiwa kwa glasi ya juisi au sindano moja, na baada ya dakika chache mtoto anafumbua macho. Sukari kupanda haina adabu hiyo. Inachukua siku, pengine wiki. Mtoto anakunywa maji hayamtoshi. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Nguo zinampwaya. Mwili usio na insulini unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, damu inajaa asidi, na mwishowe anatapika na kuhema kama mtu aliyekimbia mlima.

Mpwa wangu alifika hapo akiwa na miaka 7. Dadangu alikuwa amempeleka kliniki ya mtaani mara mbili, na mara zote mbili akarudishwa nyumbani na dawa. Ati malaria. Hakuna aliyemtoboa kidole, kipimo cha tone moja la damu kinachotoa jibu kwa sekunde chache. Alipofika hospitali kubwa alikuwa haitiki jina lake. Alipona, na sasa dadangu huamka saa nane usiku kumpima.

Kuna atakayeniambia filamu si bango la kliniki. Kweli, si bango. Lakini lalamiko langu ni la kisanaa. M'Lynn na Meg wanajua adui wao anaitwaje. Swali lao ni kama watawahi. Mama asiyejua anachokitazama ana hadithi nzito zaidi: dalili zote ziko mezani pake, mtazamaji anaziona, yeye anaambiwa na mwenye koti jeupe kwamba asiwe na wasiwasi. Hapo huhitaji wezi.

Na hadithi hiyo haiishi mtoto akiruhusiwa kutoka wodini. Insulini inataka kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na nyumba nyingi hazina friji, kwa hivyo familia nyingine huihifadhi kwenye chungu chenye unyevu. Kuna chakula cha kukadiriwa kila siku, na mwalimu wa zamu wa kuelezwa upya kila muhula. Hiyo ni miaka mingi ya hofu ndogondogo, na kamera iliyozoea dakika tano za kelele haijui isimame wapi.

Mwandishi wa skripti akitaka pa kuanzia, nina pendekezo. Asubiri kuandika tukio la hospitali. Aanze na mtoto anayeamka usiku kwenda kwenye mtungi wa maji kwa mara ya nne, na mama kitandani, macho wazi, akihesabu.