Tanuri Linamwitikia Nani?

Kwenye ukuta wa sebule ya dada yangu, huko Minneapolis, pana kifaa cha duara kinachoenea kiganjani. Ni themostati ya Honeywell aina ya T87, iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss na kuingia sokoni mwaka 1953. Usiku mmoja wa Januari tuliitegesha kwenye nyuzi 68 za Fahrenheit, sawa na 20 za Selsiasi, tukalala. Saa nane niliamka nimelowa jasho, na nje barafu imeganda kwenye vioo vya madirisha. Mshale wa kipimajoto ulikuwa kwenye 84. Chini ya nyumba, tanuri la gesi lilikuwa bado linanguruma.

Nimezoea kulisoma shairi kwa fani yake kabla sijayagusa maudhui, na usiku ule nilijikuta nakisoma kifaa kile vivyo hivyo. Juu ya uso wake pana mshale wa matakwa, yaani joto ulilolitaka. Chini yake pana mshale wa hali halisi, yaani joto lililopo. Dreyfuss aliyaweka yote mawili katika uso mmoja, kwa nambari za aina moja, ili jicho liyalinganishe kwa mtupo mmoja. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga aliizungusha bila kuelekezwa na mtu. Sijaona sifa kubwa kuliko hiyo kwa kitu cha nyumbani.

Lakini uso ule haukuambii jambo moja: je, sasa hivi themostati inaomba moto au imenyamaza? Kulijua hilo lazima uvue kifuniko.

Ndani pana utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa, umezungushwa kama konokono. Metali moja hutanuka zaidi kuliko mwenzake, kwa hiyo joto likibadilika utepe hujipinda. Juu yake kimebebwa kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Chumba kikipoa, kichupa huinama, tone huteleza hadi kwenye ncha mbili za waya na kuziunganisha, na umeme wa volti 24 hupita kwenda kwenye tanuri. Chumba kikipata joto, kichupa huinukia upande wa pili, tone hurudi, na njia hukatika. Ukikaa karibu unaona mng'ao tu ukihama, kama jicho lililogeuka.

Hapa ndipo fani inapofichua siri. Watu husema themostati imekataa kuzima tanuri. Ukweli ni kwamba haina hata neno la kuzimia. Inalo neno moja tu, nalo ni wito wa moto. Inapoita, tanuri huitikia, na inaponyamaza, tanuri hunyamaza nalo. Kwa hiyo tanuri lisilozimika ni tanuri ambalo bado linasikia wito, au limeshindwa kuacha kuitikia. Swali la fundi ni moja: nani anaita?

Mtuhumiwa wa kwanza ni ukuta wenyewe. Zebaki hutegemea mwinamo, hivyo kifaa lazima kikae sawasawa. Kisanduku cha mstatili kikipinda ukutani unakiona tangu mlangoni, ila duara halionekani limepinda. Jicho hulisamehe, zebaki hailisamehe. Skrubu zikilegea na bamba likazunguka kidogo, wito utakatika kwenye joto tofauti kabisa na lile ulilotegesha. Umbo lililofanya kifaa kipendeze ndilo linaloficha kosa lake, na naliona hilo kuwa udhaifu wa kweli katika kazi nzuri. Niliweka pimamaji: lilikuwa sawa. Nikamulika kichupa kwa tochi: tone lilikuwa limelala upande wa kimya. Themostati ilikuwa haiiti.

Mtu anaweza pia kudanganywa na feni ya tanuri. Swichi yake ikiachwa kwenye kuwaka muda wote, hewa itaendelea kupuliza hata kama hakuna moto. Nilishuka kuangalia, nikaona miali ya bluu. Moto ulikuwepo.

Nilizima swichi ya umeme ya tanuri, nikapanda juu, nikafungua waya mweupe, ule unaobeba wito, nikauacha hewani. Nilipowasha tena, tanuri likawaka. Nikazima, nikaufungua ule mweupe upande wa chini, penye tanuri lenyewe, nikawasha. Kimya. Kama lingewaka hata hapo, lawama ingekuwa ya vali ya gesi au ya rilei iliyonata, nami ningefunga gesi na kumwita fundi bila kugusa kitu kingine. Lakini lilinyamaza. Basi aliyekuwa akiita alikuwa katikati, kwenye nyaya.

Nilizifuata kwa tochi chini ya mbao za sakafu. Karibu na bomba la maji palikuwa na pini ya chuma iliyopigiliwa kwa nguvu kupita kiasi juu ya waya. Plastiki ilikuwa imebanwa miaka mingi hadi ikakonda, na shaba ya waya mwekundu ilikuwa inagusana na ya waya mweupe. Shoti ya upana wa punje ya mchele. Kwa tanuri, mgusano ule haukuwa na tofauti yoyote na tone la zebaki.

Niling'oa pini kwa koleo, nikazitenganisha nyaya na kuzifunga kwa utepe wa umeme, mpaka ziwekwe mpya. Nikaunganisha kila kitu, nikakaa sebuleni, kifuniko kikiwa mkononi. Alfajiri mshale wa chini ulipofika 68 na kupita kidogo, kichupa kikainama polepole, tone likateleza. Sekunde chache baadaye, chini ya sakafu, tanuri likaitikia.